Nilimsamehe usiku uleule, mbona raha siioni?

Mshauri, salamu.

Nina miaka 38, nimeolewa miaka 11 na tuna watoto watatu. Mume wangu si mlevi, hanipigi, hana mambo ya wanawake. Nayatanguliza haya kwa sababu nikianza kusimulia, watu hudhani nimeolewa na mtu mbaya.

Mwaka jana niligundua kwamba akiba ya ada za watoto, tuliyoiweka pamoja kwa miaka minne, haipo. Alimpa rafiki yake mtaji, biashara ikafa. Ili nisijue, akachukua mkopo mahali pengine kuziba pengo, nao ukamshinda. Kwa hiyo akiba hatuna na deni tunalo. Nilijua kwa ujumbe wa kumkumbusha rejesho, ulioingia simu yake ikiwa mezani na yeye akiwa bafuni.

Nilipomuuliza alilia. Sikuwahi kumwona akilia. Akasema aliona aibu kuniambia. Nikamjibu palepale, "Basi, nimekusamehe, yamekwisha." Tukalala. Kesho yake hatukuligusa, na mpaka leo hatujaligusa. Marejesho yanakatwa kwenye mshahara wake. Kiasi nakijua kwa kukisia.

Baada ya hapo usingizi ukanipotea. Mwenzangu kazini akanionyesha programu ya simu ya mazoezi ya umakinifu: unakaa kimya, unafuata pumzi, wazo likija unaliacha lipite. Nafanya dakika 20 kila alfajiri na kweli imenisaidia. Nalala, na watoto siwafokei tena. Mume wangu naye akianzisha habari za fedha, nafumba macho, navuta pumzi, naondoka kabla sijatamka neno baya. Nilikuwa najisifu kwa hilo, mpaka juzi aliponiambia, "Afadhali zamani ulipokuwa unanifokea. Nilikuwa najua uko wapi." Yaliniuma.

Wiki mbili zilizopita nikaona tena ujumbe kwenye simu yake. Mkopo mdogo wa kulipwa ndani ya mwezi. Hakuniambia, nami sikumuuliza. Nilikaa nikafanya pumzi zangu.

Kila ninaposoma naambiwa wanaosamehe na wenye akili tulivu wana ndoa za raha. Mimi nimesamehe, utulivu ninao, raha siioni. Nakosea wapi, au sikusamehe kweli? Nikimtajia huu mkopo mdogo si nitakuwa nafukua yaliyokwisha? Na jambo la mwisho: dada yangu ndiye pekee anayejua. Kila tukionana ananiuliza, "Bado uko na yule mwizi wa ada?" Huwa sijui nimjibu nini.

Mama Watatu

JIBU

Dada yangu Mama Watatu,

Asante kwa kuyapanga mambo vizuri: nani alijua nini, alijuaje, na nini hakikusemwa. Hayo ambayo hayakusemwa ndiyo nitakayokaa nayo zaidi.

Nikikuelewa sawasawa, kosa la mumeo silo linalokukosesha raha leo. Ulifanya mambo mawili yanayosifiwa, kusamehe na kujituliza, ukatarajia yakurudishie ndoa yako. Umepata usingizi, lakini pia umepata mume anayesema hajui uko wapi, na mkopo wa pili unaouogopa kuutaja usije ukaonekana ulisamehe kwa mdomo tu.

Tuanze na usiku ule. Everett Worthington, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeuchunguza msamaha kwa miongo kadhaa, hutenganisha msamaha wa uamuzi na msamaha wa hisia. Wa kwanza ni kukata shauri: sitalipiza, nitaendelea kumtendea kama mume wangu. Huo unaweza kutolewa kwa dakika moja na ukawa wa kweli kabisa. Wa pili ni pale uchungu na hofu vinapopungua, huruma ikapata pa kukaa. Huo hauamriwi, huja kidogo kidogo, na siku nyingine hurudi nyuma. Kwa hiyo unapojiuliza kama hukusamehe kweli, naona hujitendei haki. Ulisamehe kwa kadiri ilivyowezekana usiku mmoja.

Lakini hebu tazama ulisamehe nini. Hukujua deni ni kiasi gani, limebaki miezi mingapi, rafiki amerudisha chochote au hapana, na nani mwingine alikuwa anajua wakati wewe hujui. Mpaka leo unakisia. Ni vigumu kufuta deni ambalo halijahesabiwa: kila linapochomoza tarakimu mpya, unajikuta unaanza kusamehe upya. Kuna na swali jingine, nakuomba ulijibu peke yako bila kujilaumu. Machozi yake yalikufanya umsamehe, au yalikufanya utake yaishe haraka? Kumwona mtu mzima analia kunatisha, hasa mtu ambaye hujawahi kumwona hivyo. "Yamekwisha" wakati mwingine ni neno la kumfuta mwenzio machozi, na linamsaidia aliyekosa kuliko aliyekosewa.

Sasa hayo mazoezi yako. Umbo lake linalojulikana leo lilianza mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alipoanzisha kozi katika chuo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, kwa wagonjwa wenye maumivu sugu ambayo dawa zilikuwa zimeshindwa kuyamaliza. Wale wagonjwa hawakufundishwa kuyakimbia maumivu. Walifundishwa kuyageukia: yako wapi hasa, yana ukubwa gani, yanabadilikaje ukiyaangalia bila kuyapiga vita. Pumzi ilikuwa ya kuwashikilia wasiondoke.

Linganisha na kinachotokea sebuleni kwenu. Anasema, "Nilitaka tuzungumze kuhusu pesa za mwezi huu..." Kabla hajamaliza, kitu kinakaza mwilini mwako, pengine taya, pengine tumbo. Unafumba macho, unavuta pumzi, unaondoka. Yote hayo hayafiki sekunde kumi. Neno baya umelizuia, hongera. Lakini umezuia na vitu viwili vingine: ule ujumbe wa mwili wako uliokuwa ndiyo kwanza unaanza, na mwisho wa sentensi yake. Sisemi alikuwa anataka kukueleza mkopo mdogo. Mimi sijui, na wewe hujui, maana hakumaliza.

Watafiti wa msamaha katika ndoa, akiwemo Frank Fincham, hawaupimi kwa swali moja la "umesamehe au hujasamehe". Wanaangalia kulipiza, kukwepa, na kumtakia mwenzio mema, kila kimoja peke yake, kwa sababu mtu anaweza kufanikiwa kimoja na kukwama kingine. Kulipiza huna, barua yako haina hata sentensi moja ya kumkomoa. Kukwepa kumebaki, tena kumepewa jina zuri la utulivu. Na raha unayoitafuta hutokana zaidi na hicho cha tatu: kumgeukia mtu, kumsikiliza, kucheka naye. Hicho hakiwezi kufika kwa mtu anayeondoka chumbani.

Hayo uliyosoma kwamba wenye umakinifu wana ndoa zenye raha si uongo, ila yana masharti ambayo makala nyingi huyaruka. Mwaka 2004 James Carson na wenzake walichapisha matokeo ya kozi ya wiki 8 ya umakinifu kwa wanandoa, jozi 44. Walioipitia waliridhika zaidi na ndoa zao na kukubaliana zaidi na hali za wenzao. Ila walikuwa watu ambao ndoa zao hazikuwa kwenye mgogoro, na waliifanya wote wawili, mume na mke. Wewe unafanya peke yako alfajiri, katika nyumba yenye siri ya pili.

Msamaha nao una utafiti wake usiopendeza. James McNulty aliwafuatilia wanandoa wapya waliojaza shajara kwa siku 7. Matokeo yake ya mwaka 2010 yalionyesha kwamba mwenza alielekea zaidi kukosea siku iliyofuatia kusamehewa kuliko siku iliyofuatia kutosamehewa. Tafadhali usiyasome haya kama ruhusa ya kununa. Maelezo yanayoeleweka ni kwamba msamaha unaofuta kila kitu kwa mpigo mmoja, pamoja na maswali na masharti, humwacha aliyekosa bila kitu cha kumkumbusha. Mumeo alipata "yamekwisha" kabla hajaonyesha hata karatasi moja. Nisingethubutu kusema ndiyo maana amekopa tena; inawezekana amekopa kwa aibu ileile ya kwanza. Lakini hakuna kilichobadilika katika njia ya fedha nyumbani kwenu ambacho kingemzuia.

Ufanye nini, basi? Naziona njia kadhaa na kila moja ina gharama yake.

Unaweza kuendelea hivi ulivyo. Usifikiri naidharau njia hii. Watoto wana amani na wewe unalala. Gharama yake ni kwamba mkopo mdogo ukizaa mwingine utaujua kwa ujumbe wa tatu, na hapo utakuwa na hasira ya matukio matatu kwa mpigo. Na yeye atazidi kukuona uko mbali.

Unaweza kumwita mtu wa kati mapema: mshauri wa ndoa, kiongozi wa dini mnayemheshimu wote, au mzee wa familia asiyependelea. Faida yake ni kwamba hamtakimbiana. Hatari ni aibu. Mtu aliyeficha deni kwa kuona haya, akikuta kikao kimeitishwa bila yeye kujua, anaweza kujifunga kabisa. Mwambie kwanza, mchague pamoja.

Au unaweza kuzungumza naye wewe mwenyewe. Niruhusu nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo watu wengi huharibu kwa namna ya kuanza.

Kabla ya mazungumzo, badilisha zoezi lako kwa wiki mbili hivi. Dakika 10 za kwanza fuata pumzi kama ulivyozoea. Dakika 10 zinazobaki, lilete jambo lenyewe kwa makusudi: ule ujumbe wa rejesho pale mezani. Angalia mwili unafanya nini, kisha ujiambie kwa neno moja moja: hasira ipo, hofu ipo, aibu ipo. Hofu iulize inaogopa nini hasa. Muhula ujao wa shule? Kuonekana mjinga? Ukimaliza, andika mistari mitatu, si zaidi. Ukiona linakuzidi, moyo unakwenda mbio au usingizi unapotea tena, rudi kwenye pumzi na upunguze ziwe dakika 3. Watu wengine huzidiwa na zoezi hili wakilifanya peke yao, na hapo mtaalamu wa afya ya akili ni bora kuliko programu ya simu.

Ile mistari mitatu mitatu ndiyo itakayokuambia una nini cha kusema. Usipoifanya kazi hiyo kwanza, utakaa mbele yake na utasema yote ya miaka 11.

Chagua wakati ambao hakuna aliye na njaa wala haraka, watoto wamelala. Mpe taarifa siku moja kabla: "Kesho usiku nataka tukae nusu saa kuhusu fedha. Sitaki ugomvi, nataka kuelewa." Anza na mkopo mdogo. Najua unaona ndio utakaofukua yaliyokwisha, lakini haujawahi kusamehewa wala kutajwa, kwa hiyo hakuna unachofukua. Tena ni mdogo, na jambo dogo hubeba mazungumzo ya kwanza vizuri kuliko kubwa. Sema ulivyouona, wazi: "Niliona ujumbe kwenye simu yako. Sikukuuliza, na nimekaa nao wiki mbili." Hapo umekiri kimya chako kabla ya kumuuliza chake. Kisha uliza swali moja tu, "Ulikuwa wa nini?", unyamaze.

Atakapojibu, pumzi zako zina kazi nyingine sasa: kukuweka kwenye kiti mpaka amalize. Macho usifumbe. Ukihisi unapanda, hesabu mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono kwa sekunde 15, zidisha mara 4. Yakivuka 100 kwa dakika, hamtasikilizana. John Gottman, aliyewapima wanandoa mapigo huku wakibishana, aliona kwamba mwili uliofika hapo unahitaji angalau dakika 20 kutulia. Basi mwambie, "Nahitaji dakika 20, narudi," na urudi. Tofauti na unavyofanya sasa ni hilo neno "narudi" na muda uliotajwa. Dakika hizo usizitumie kupanga mashambulizi. Osha vyombo, nyoosha nguo, tembea uani.

Hatari za njia hii? Anaweza kukasirika kwamba unasoma simu yake. Anaweza kulia tena, na wewe ukajikuta unasema "basi, yamekwisha" kwa mazoea. Jiandae kwa hilo kuliko kitu kingine chochote. Unaweza kumshika mkono akilia, huku hujasema lolote kuhusu kusamehe. Anaweza pia kukuambia jambo usilotarajia, kwamba kuna deni la tatu. Kama unadhani hilo litakushinda kulisikia mkiwa wawili, rudi kwenye njia ya mtu wa kati.

Deni kubwa liwe kikao cha pili, na liwe la karatasi: lilikopwa kiasi gani, limelipwa kiasi gani, linakwisha lini, rafiki ana mpango gani. Muulize pia kilichokuwa kichwani mwake alipoamua kutokuambia. Worthington ana hatua tano anazowapitisha watu, na inafaa uone wewe ulipita zipi: kulikumbuka jambo lilivyokuwa bila kulipunguza, kujaribu kuelewa aliyekosa aliliona vipi, kuutoa msamaha kama zawadi, kujifunga nao kwa kuuandika au kuutamka, na kuushikilia siku mashaka yakirudi. Wewe uliruka moja kwa moja hadi kuutoa, ukautamka papo hapo. Mbili za mwanzo hazikupata nafasi, na ndiyo maana hiyo ya kushikilia inakuchosha hivi.

Bado kuna jambo ambalo msamaha hauwezi kulifanya hata ukikamilika. Kusamehe ni kwako, unaweza hata bila yeye. Kumwamini tena kunahitaji yeye afanye vitu vinavyoonekana. Mnaweza kukubaliana kiwango ambacho hakuna anayekopa juu yake bila mwingine kujua, na kukaa nusu saa kila mwezi siku ya mshahara, mkiwa na taarifa za marejesho mbele yenu. Makubaliano hayo yakuhusu na wewe, fedha zako pia ziwe mezani, la sivyo atakuwa mtoto anayekaguliwa na wewe askari. Wekeni muda, tuseme miezi sita, kisha mtazame kama bado yanahitajika. Kama katika kipindi hicho utaona siri nyingine, utakuwa na swali tofauti na hili uliloniandikia leo, na hakuna zoezi la pumzi litakalolijibu.

Lile neno lake, "nilikuwa najua uko wapi", umelisikia kama tusi kwa utulivu wako. Inawezekana ni hivyo. Inawezekana pia ni mtu anayelalamika kwamba amesamehewa na mke hayupo. Ungeweza kumuuliza alikuwa na maana gani. Ni swali la bei nafuu, na halihusu fedha.

Na huyo dada yako. Alichonacho ni habari za usiku mmoja, na hujawahi kumpa nyingine, kwa hiyo anaendelea na hiyohiyo. Unaweza kumwambia, "Deni linalipwa. Mengine nitakueleza nikiwa tayari, ila usimwite mwizi mbele yangu tena." Anza kwa kuangalia unavyojisikia anapolitamka neno hilo. Ukikuta kuna sehemu yako inayofarijika kulisikia, iandike kwenye ile mistari mitatu ya siku hiyo. Ni hasira yako anayoisema yeye kwa niaba yako. Akirudia hata baada ya kumwomba, usibishane naye kuhusu tabia ya mumeo. Badilisha mazungumzo, muulize habari za watoto wake.